Kurekodi Kiogiek msituni Mau: shajara ya mradi

Januari

Naanza hii shajara manake watu wananiuliza kila siku tunafanya nini huko Mau na mikrofoni, na kila mara naeleza nusu halafu stori inaenda kwingine, so wacha yote yakae mahali pamoja.

Mradi ni kurekodi wazee wetu wakiongea Kiogiek, lugha yetu sisi Ogiek, warina asali na wawindaji wa msitu wa Mau hapa Kenya. Si kuimba jukwaani, si zile za kuvalishwa ngozi ndio mgeni apige picha, ni kuongea tu vile wanaongeanga wakichonga mzinga ama wakibishana bonde fulani lilikuwa la ukoo gani. Baadaye tunaandika kila neno, tunaweka Kiswahili kando yake, na mwishowe tutoe kamusi ya sauti pamoja na vitabu vidogo vya watoto wa madarasa ya chini. Tuko upande wa Nakuru, Mariashoni na Nessuit, tukipata nguvu tutafika Tinet halafu tuvuke upande wa Narok.

Mimi ni Ogiek na nimekulia huku. Lugha naielewa yote lakini nikiongea inachanganyika na ya majirani, na hiyo ndio hali ya karibu kila mtu wa rika langu. Sensa ya 2019 ilihesabu Ogiek 52,596 Kenya nzima, lakini kuhesabiwa kama Ogiek ni kitu kimoja na kuongea Kiogiek kwa nyumba ni kitu kingine, kuna boma ukiingia unasikia Kipsigis kitupu, ukienda Narok unapata Kimaasai ndio kimetawala, na wote hao ni Ogiek kabisa, watoto wa ukoo unaojulikana.

Wataalamu wa lugha wanaweka Kiogiek kwa kundi la Kalenjin pamoja na Kipsigis, Nandi, Tugen na wengine. Ni kweli. Lakini hapo ndipo kuna shida pia, manake mtu akisikia Kalenjin anasema basi haina haja ya vitabu vyenu, watoto wasome Kipsigis, si ni kitu kimoja. Hiyo sentensi ina historia ndefu sana na nataka niiandike vizuri kabla tuanze kurekodi.

Februari

Mwezi huu tumesoma tu. Mmoja wetu yuko Nairobi na ameingia kwa nyaraka za zamani za ukoloni, tukawa tunatumiana picha za kurasa usiku usiku.

Jambo la kwanza unaloliona ni kwamba hautatupata ukitafuta Ogiek. Lazima utafute Dorobo, ama Ndorobo, ama Wandorobo. Ni neno lililotoka kwa Wamaasai, la mtu asiye na ng'ombe, maskini. Wazungu walilichukua wakaliandika kama jina la kabila, wakawaweka ndani watu wa lugha tofauti kabisa, kigezo kikiwa tu kwamba hao watu wanawinda na kurina asali. Yaani dharau ya jirani ikapigwa muhuri ikawa jina la serikali.

Na lilikuwa na kazi hilo jina. Mwaka wa 1932 Waingereza waliunda tume ya ardhi ya Kenya, ile ya Carter, na ripoti ikatoka 1934. Kuhusu sisi ilipendekeza kwamba popote inapowezekana tuhamishwe tupelekwe kwa rizavu, yaani maeneo yaliyotengewa makabila, za majirani walio karibu nasi, tumezwe huko. Ukifuata mawazo yao unaona vile yalipangika: hawa hawana ng'ombe, hawalimi, hawana chifu tunayemtambua, kwa hivyo hawana ardhi, wako tu msituni kama vile wanyama wako msituni. Ukishaamua mtu hana ardhi hata kumfukuza hauoni kama ni kumfukuza, unaona ni kumsaidia apate maendeleo. Makabila mengine yalipewa rizavu, ndogo na za dhuluma lakini zilichorwa kwa ramani, sisi tukaambiwa tujiunge na wenye rizavu. Ukipelekwa kuishi chini ya chifu wa watu wengine, shule ya watu wengine, kanisa la lugha ya watu wengine, mjukuu wako ataongea nini?

Ndio maana mtu akiniambia lugha ndogo hufa zenyewe huwa nakasirika. Chukua Wayaaku wa Mukogodo huko Laikipia, nao walikuwa warina asali na wawindaji, lugha yao ni ya Kikushi, haifanani na Kimaasai hata kidogo. Zamani mahari yao ilikuwa mizinga ya nyuki. Wamaasai walipohamishwa kutoka Laikipia na mipaka ikachorwa upya, wao wakajikuta katikati ya wafugaji, wasichana wakaanza kuolewa kwa ng'ombe, baba aliyekuwa na mizinga tu akawa hana cha kumpa kijana wake aoe, na kufika miaka ya 1930 watu walikuwa wanahamia Kimaasai jamii nzima. Hakuna mtu alikaa chini akaamua kuacha lugha. Waliamua watoto wao waoe.

Na karibu zaidi kuna Kinare. Hii Kinale tunayopita tukienda Nairobi, kwenye baridi na ukungu, palikuwa na warina asali wa kwetu wenye lahaja yao. Mwanaisimu Franz Rottland alipofika 1976 alipata wazee wachache tu, wameoa Wakikuyu na wamekuwa sehemu ya Wakikuyu, wanakumbuka kwamba wazazi wao walikaa msituni na walijiita Akie. Hiyo lahaja imeisha. Mimi nimepita hapo mara nyingi kwa matatu na sikuwahi kuambiwa na mwalimu yeyote.

Kwa katalogi yetu tumekubaliana: lile neno la zamani litabaki kwa safu ya "jina lililotumika kwa hati" ili mtu akitafuta nyaraka azipate, lakini popote tunapoandika watu ni akina nani, ni Ogiek, na ukoo wao ukitajwa kama wenyewe wamekubali.

Machi

Rekodi za kwanza tumefanyia ndani, kwa chumba cha kanisa, mabati yamefunikwa na blanketi kupunguza mwangwi. Tulikuwa na orodha ya maneno ya kawaida, mwili, maji, moto, kula, kulala. Mzee anaulizwa kwa Kiswahili, anajibu.

Wazee walijibu vizuri na haraka na nusu ya majibu ilikuwa Kipsigis safi. Kogo (nyanya) mmoja ambaye nyumbani namjua anaongea Kiogiek mpaka unapotea, hapo mbele ya mikrofoni alikuwa anaongea kama mtangazaji wa redio ya Kalenjin. Tulipomaliza nikamuuliza polepole, kogo mbona leo umeongea hivyo. Akaniangalia akasema, "Mjukuu, hiyo ya msitu si ya kuwekwa kwa mashine. Watasema nini wakisikia?"

Nikamuuliza watasema nini akina nani. Hakujibu, alifunga leso yake akaendelea na chai.

Nimelala nikifikiria hayo maneno. Huyu mama hajawahi kusoma ripoti ya 1934, hata hajui iko, lakini imemfikia hivyo hivyo, imepitia kwa mwalimu, kwa karani wa vitambulisho aliyeuliza "hiyo Ogiek ni kabila gani" akaandika kabila la jirani, kwa wanawake wa sokoni waliokuwa wanamcheka anavyotamka. Imemfikia kama aibu.

Tumekubaliana orodha iwekwe kando. Tutaenda nao kazini.

Aprili

Mvua imeanza, barabara ya Mariashoni mnaijua, lakini huu ndio mwezi umenipa nguvu kuliko yote so nitaandika marefu.

Tulimfuata mzee mmoja kwa konoito yao. Konoito ni ukanda wa msitu wa ukoo, unaanzia huku chini na unapanda mpaka kwenye msitu wa baridi wa juu, na si ajali umekaa hivyo. Miti ya chini haichanui pamoja na ya juu, kwa hivyo familia yenye ukanda mrefu wa kupanda mlima inafuata maua, ikimaliza asali ya chini inapanda. Mipaka ni mito na miamba na miti mikubwa, kila mtu anaijua. Haya ndiyo "matumizi yasiyo na mpango" ambayo watu wa ofisi walikuwa wanayaona wakitupita na farasi.

Mzee alianza kuongea tulipovuka kijito cha kwanza. Sijui niseme aje, sauti yake ilibadilika. Kwa kanisa alikuwa anangoja swali, hapa alikuwa anatuuliza sisi. Anasimama anagusa mti, anauliza huu ni gani, kijana wetu wa kamera anasema mtarakwa, mzee anasema najua Kiswahili chako, huu ni gani, na huyo kijana anakumbuka tarakwet, halafu mzee anataka jina la gamba lake, jina la ukiwa umekauka umesimama, jina la ule uliopasuka na radi, jina la kipande kinachofaa mzinga na kile kisichofaa. Huo mti mmoja ulitupa maneno ambayo orodha yetu haingefikia milele.

Alifika kwa mzinga wake, uko juu kabisa kwenye tawi. Akakusanya ndevu za miti zilizokauka na maganda ya mtarakwa, akafunga bunda, akawasha katikati na kupuliza mpaka hakuna moto, ni moshi tu. Akapanda na kamba, na umri wake huo, tukiwa chini na roho mkononi. Na huko juu akaendelea kuongea! Anaongea na nyuki, anaongea na sisi, anapuliza moshi, anafungua kifuniko, anasema kila anachofanya kwa Kiogiek kitupu, masega anayokata na yale anayoacha kwa sababu yana watoto wa nyuki. Tulikuwa tumemfunga mikrofoni ndogo kwa kola na ile sauti ni safi, unasikia nyuki na unasikia pumzi. Aliposhuka akaonja akasema hii ni ya maua ya mti wa silibwet, ile ya mwisho ilikuwa na maua mengine, akatupa tuonje tuseme tofauti. Mimi sikuisikia. Mtoto wake wa kiume aliisikia.

Tukirudi tulipita mashamba ya saiprasi na mipaini, hekta kwa hekta, ilipandwa kwa ajili ya mbao tangu enzi za mkoloni na baada ya uhuru ikaendelea. Miti hiyo inategemea upepo kusambaza poleni, maua yake hayana utamu wa kuita nyuki. Mzee alinyamaza hapo. Nikamuuliza hapa paliitwaje, akasema jina, halafu akasema maana yake ni kitu kilichokuwa hapa na hakiko, basi sasa hilo jina atamfundisha nani na atamwonyesha nini.

Nilisema nitaandika nilichojifunza kwa kila hatua na hii ndiyo kubwa. Kiogiek kinapungua pale ambapo kazi yake imeondolewa. Palipobaki mizinga lugha iko hai, ina utani, ina matusi hata. Palipobaki saiprasi imebaki salamu. Kwa hivyo kurekodi bila kuuliza ardhi iko wapi ni kuhifadhi tu, na sisi hatutaki kuhifadhi, tunataka iongewe.

Mei

Kazi ya laptopu. Tunatumia ELAN, programu ya kompyuta, kuandika chini ya sauti, mstari mmoja Kiogiek, mwingine Kiswahili. Sauti tunaweka WAV, faili isiyobanwa, hatukubali zile zimeshatumwa kwa WhatsApp manake zinabanwa na mambo madogo ya sauti yanapotea, na kwa lugha yetu hayo madogo ndiyo lugha yenyewe.

Nieleze kidogo. Alfabeti tuliyorithi ina irabu tano lakini masikio yetu yanasikia mara mbili ya hizo, kuna zile ulimi unasogea mbele na zile unarudi nyuma, na tena kuna fupi na ndefu. Halafu kuna toni, yaani sauti kupanda na kushuka. Kwenye lugha za Kalenjin kitenzi kinatangulia, halafu wanaofuata, na aliyetenda anatofautishwa na aliyetendwa kwa toni. Ukiandika bila alama, nyuki na mtu wako pale wote kwa sentensi na msomaji hajui nani alimfuata nani. Mzungumzaji anajua bila kufikiria. Kwa miaka mingi watu walioandika hizi lugha waliacha hayo yote nje, na mtu asiyezijua akaangalia maandishi akasema ni lugha rahisi ya watu rahisi.

Tumeamua hivi kwa sasa: vitabu vya watoto vitatumia maandishi ya kawaida yaliyo karibu na Kipsigis ili mwalimu asishindwe, lakini kamusi itaweka alama zote na kila neno litakuwa na sauti. Vijana wawili kwenye timu hawafurahii, wanataka alama kila mahali. Naelewa kabisa hasira yao, lakini kitabu kikimshinda mwalimu kitabaki kwa kabati.

Bakapu: nakala tatu, moja iko kwa jamii yenyewe, si kwetu.

Juni

Tarehe 23 tulikutana Nessuit, ni siku ambayo hukumu ya fidia ilitoka 2022, na tukasoma sehemu zake kwa sauti tukitafsiri papo hapo.

Kwa wale hawajafuata: Oktoba 2009 watu walipewa notisi ya siku 30 watoke Mau. Kesi ikafika kwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 majaji wakasema Kenya imekiuka haki zetu, ya ardhi, ya dini, ya utamaduni, na pia ya kutobaguliwa kwa sababu ilikataa kututambua kama jamii yenyewe na ikatunyima haki ambazo makabila mengine yanapata. Serikali ilisema Ogiek ndio wanaharibu msitu, mahakama haikukubali hiyo sababu. Hukumu ya 2022 ikaagiza tulipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara mengine ya kutuumiza, ardhi ya mababu ipimwe na tupewe hati.

Watu wengi wanakumbuka pesa. Mimi kilichonishika ni agizo lingine, kwamba ndani ya mwaka mmoja serikali ichukue hatua za kututambua kikamilifu, pamoja na kuitambua lugha ya Ogiek. Imeandikwa hivyo, lugha ya Ogiek. Tulipoitafsiri kwa Kiogiek kogo wangu wa Machi alikuwa ameketi mbele, akauliza, "Wamesema ya kwetu? Hii?" Tukamwambia hii hii. Akasema irudiwe, tukarudia.

Lakini pia mzee mwingine akasimama akasema ukweli wake, kwamba Novemba 2023 watu wetu wa Sasimwani, upande wa Narok, walibomolewa nyumba wakiwa na hukumu hiyo hiyo mkononi, sasa karatasi ni ya nini. Hakuna aliyempinga. Tumerekodi maneno yake yote na alisema kwa Kiogiek kwa makusudi, akasema atakayetaka kuelewa atatafuta mtu wa kumtafsiria.

Agosti

Watoto. Tumejaribu kitabu cha kwanza kwa darasa la pili, ni hadithi fupi ya msichana anayemfuata babu yake kwa mzinga, picha zimechorwa na kijana wa hapa.

Kulikuwa na wazazi waliokuja kuuliza kama hii haitaharibu Kiingereza cha watoto. Hilo swali nalijibu kwa heshima kila mara manake najua limetoka wapi. Hao wazazi walisoma wakati wa disk, kile kibao cha kuvalishwa shingoni ukishikwa unaongea lugha ya nyumbani, unakaa nacho mpaka umshike mwenzako, jioni wa mwisho anachapwa. Watoto walifundishwa kuchungana. Mtu aliyepitia hapo hawezi kuamini kwamba lugha ileile sasa inaletwa darasani kama zawadi, anangoja kuona kiboko kiko wapi. Ninachowaonyesha ni katiba, kifungu cha 7, serikali imepewa jukumu la kukuza lugha za asili, na kifungu cha 63 kinachotaja ardhi za jamii za wawindaji na wakusanyaji. Kuna mzazi alipiga picha ukurasa na simu yake akaenda nao.

Darasani mwalimu, ambaye si Ogiek, aliuliza watoto wamfundishe kutamka. Darasa lilisimama. Mtoto mmoja ambaye huwa hanyooshi mkono alimrekebisha mwalimu mara nne tano mpaka akapata, na mwalimu akamwita mbele awaongoze wengine. Huyo mwalimu namshukuru sana, alichofanya hakiko kwa mwongozo wowote.

Septemba

Ramani ndiyo imetuchukua mwezi. Tumekusanya majina mengi ya mabonde, mito na miamba na kila mtu anataka tuweke kwa intaneti, lakini wazee wamekaa kikao na uamuzi umetoka: majina na sauti zitoke, sehemu kamili zenye mizinga na sehemu za ibada zisitoke. Kuna wezi wa asali na kuna wezi wa ardhi, na jamii hii imeshachorewa ramani na watu wengine mara za kutosha. Kwa hivyo tunatengeneza mbili, ya wazi na ya ukoo, na ya ukoo funguo zake ziko na wazee watatu, mmoja ni mama. Kuna mfadhili aliyetaka data yote iwe wazi, tumemwandikia kwamba haitawezekana, kama hilo linamaliza ushirikiano basi.

Zinazobaki kabla ya Desemba: kumaliza kuandika rekodi za Aprili ambazo bado ni nyingi, kuwalipa wachoraji, kupata mtu wa Kaplelach ama Kipchornwonek, makundi ya Ogiek wa Narok, wa kutusaidia kulinganisha maneno ya upande wa Narok na yetu manake hatutaki kamusi iseme Kiogiek halafu iwe ya Mariashoni peke yake. Kogo amesema atarekodiwa upya, sehemu yote ya Machi, na amechagua mahali mwenyewe, kwa shamba lake la viazi karibu na mto. Ametuomba tulete betri za kutosha.

Kama uko Tinet ama Sogoo na una mzee anayetaka kurekodiwa, tutakuja na vifaa, na nakala ya kwanza inabaki kwenu.